Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, hata kwenye sataranji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika majuma mawili yaliyopita kwamba sataranji ya kwenye simu imeharibika kiasi cha kijana wa kawaida kutoweza tena kushinda, kwa sababu, kama alivyosema, kila anayekutana naye anasaidiwa na kompyuta. Simfahamu msomaji huyo wala sina nia ya kumkejeli. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari hapa Tanga, na nalea klabu ndogo ya sataranji inayokutana kila Ijumaa baada ya vipindi. Lalamiko lake nalisikia karibu kila juma kutoka kwa vijana ambao hawajatimiza hata mwaka tangu wajue farasi anarukaje, na ndiyo maana nimeona kulinyamazia si vyema.

Nianze kwa kukubali lisilo na ubishi. Udanganyifu katika mchezo huu upo. Mwezi Julai 2019, mjini Strasbourg, Ufaransa, Igors Rausis, mchezaji mwenye cheo cha grandimasta, ambacho ndicho cha juu kabisa katika mchezo huu, alibambwa akitumia simu chooni katikati ya mashindano. Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, likamfungia miaka 6 na kumvua cheo. Karibu nasi zaidi, mwezi Aprili 2023 jijini Nairobi, kijana mmoja wa kiume alijisajili kwa jina la kike katika kundi la wanawake la mashindano ya Kenya Open, akaingia ukumbini amejifunika buibui na nikabu, na akawashinda wachezaji hodari kabla waandaaji hawajamshtukia. Mitandaoni ndiko kishawishi kilipo kikubwa zaidi, kwa kuwa programu ya kucheza sataranji iitwayo Stockfish, ambayo hakuna bingwa yeyote wa dunia anayeweza kufua dafu mbele yake, hupatikana bure kwenye simu ileile anayochezea mtu. Kampuni zinazoendesha michezo hiyo huzifunga akaunti za wadanganyifu, na waliowahi kushindwa nao hurudishiwa alama zao.

Lakini tazama hao walivyokamatwa. Rausis alikutwa na simu. Kijana wa Nairobi alitiliwa shaka kwa viatu vyake, ambavyo vilionekana vya kiume, na kwa kutomsemesha mtu yeyote tangu alipofika. Mwanzoni waandaaji hawakumgusa, kwani mwanamke kuvaa hijabu si jambo la ajabu, na walikuwa na haki ya kusita. Walioamua walikuwa watu wenye dhamana ya kutazama, na walikuwa na kitu cha kuonyesha. Hakuna aliyekamatwa eti kwa sababu aliyeshindwa naye alikuwa na hasira. Kusema wapo wanaoiba ni jambo moja, na kusema huyu aliyenishinda jana usiku ameiba ni jambo jingine kabisa. Msomaji wako ameyafanya mambo hayo mawili kuwa moja.

Mfano mmoja utanisaidia kueleza. Muhula uliopita mwanafunzi wa kidato cha tatu alinijia na karatasi aliyoichana kwenye daftari la mazoezi. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo alikuwa amenakili kwa mkono hatua zote 31 za mchezo alioucheza usiku kwenye simu ya kaka yake. Alikuwa amefura. "Mwalimu, huyu ameniibia," aliniambia, "amecheza kama mashine." Tulipanga kete ubaoni tukaupitia mchezo hatua kwa hatua. Katika hatua ya 9, malkia wake, aliyekuwa analinda kitunda cha mraba wa c2 (miraba ya ubao hutajwa kwa herufi na nambari), aliondoka kwenda kula kitunda kingine upande wa pili wa ubao. Farasi mweusi, aliyekuwa ametulia pale d4 kwa hatua tatu nzima bila kujificha, akala c2, akampa mfalme cheki, yaani akamshambulia, na papo hapo akaitishia ngome ya pembeni. Mfalme ilibidi asogee, ngome ikaenda. Hapo hapana mashine. Ni mtego ambao kila aliyecheza miezi sita ameshategwa nao, na akishategwa mara mbili au tatu huanza na yeye kuwatega wenzake.

Nilimwomba tusiishie hapo, kwa kuwa kilichonivutia hasa kilikuwa mbele. Katika hatua ya 17 mpinzani alimwacha askofu wake bila mlinzi, na kijana wangu hakumwona. Katika hatua ya 22 akamwacha tena, askofu yuleyule, na kijana hakumwona tena. Kompyuta haimwachi askofu wa bure mara moja, seuze mara mbili. Kijana aliutazama ubao kitambo kirefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeibiwa kitu cha pili, "Kumbe na yeye hajui." Naam, na yeye hakuwa anajua; walikuwa wawili wasiojua, na mmoja wao alikuwa amekosea mapema zaidi.

Huu ndio ukweli wa michezo ya wanaoanza, na nausema baada ya kupitia mamia ya karatasi za namna hiyo. Katika kiwango hicho mchezo haupotezwi kwa hila za kina ambazo ni kompyuta pekee inayoweza kuzibuni. Hupotezwa kwa malkia aliyewekwa mahali anapoweza kuliwa na kitunda, kwa mfalme aliyesahauliwa katikati ya ubao hadi hatua ya 20, kwa mtu aliyefungwa, yaani mfalme wake kushambuliwa akakosa pa kukimbilia, katika hatua ya 4 na malkia akisaidiwa na askofu pale f7, jambo ambalo kinga yake hufundishika kwa dakika tano. Anayetaka kumshinda mchezaji wa aina hiyo hana haja ya kuiba. Anahitaji kusubiri tu.

Yapo mambo mawili yanayowapoteza vijana hawa, na yote mawili yanahusu tarakimu, kwa hiyo mniwie radhi, mimi mwalimu wa hisabati, nikiyakalia kidogo. La kwanza ni ile asilimia ya usahihi inayoonyeshwa mwisho wa mchezo, yaani jinsi hatua za mtu zilivyokaribiana na zile ambazo kompyuta ingezichagua. Kijana anaona mpinzani wake ameandikiwa 94, yeye 58, anapiga kelele kwamba hakuna binadamu wa kiwango chake anayeweza kucheza kwa usahihi wa 94. Asichokijua ni kwamba tarakimu hiyo hutegemea sana ugumu wa maswali aliyoulizwa mpinzani. Ukimpa mtu malkia wako katika hatua ya 6, hatua nzuri kabisa iliyopo ni kumla malkia huyo, na mtoto yeyote ataiona. Ukiendelea kuacha kete zako ovyo, hatua nzuri ya kila mara itakuwa ileile ya kula kilicho wazi, na mchezo utaisha mapema kabla hali haijawa ngumu kiasi cha kumfanya mpinzani naye akosee. Katika ile 94, sehemu kubwa ni mchango wako mwenyewe. Ni sawa na mwanafunzi kulalamika kwamba jirani yake amepata alama zote kwenye mtihani ambao maswali yalitungwa na mlalamikaji, tena yakiwa yameambatana na majibu.

La pili ni kushindwa mfululizo. Alama za kiwango, ambazo wachezaji huziita reitingi, zilibuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungaria na kuishi Marekani, na FIDE ikazipokea mwaka 1970. Mitandao hutumia kanuni za jamii hiyohiyo. Kwa hesabu ya Elo, anayemzidi mwenzake kwa alama 200 hutarajiwa kupata takriban robo tatu ya alama zote wanazozigombea, na walio sawa hutarajiwa kugawana nusu kwa nusu. Mtandao hukutafutia mtu aliye sawa nawe. Maana yake, ukishafikia kiwango chako halisi utapoteza karibu nusu ya michezo yako hata kama duniani hakuna mdanganyifu hata mmoja. Ukianza kushinda zaidi, reitingi itapanda na utaletewa watu wagumu zaidi mpaka nusu irudi palepale. Sasa chukua mtu anayeshinda nusu na kupoteza nusu, tuziache sare kando. Nafasi ya michezo yake saba iliyochaguliwa kuwa yote ya kushindwa ni 1 kwa 128. Inaonekana ndogo, lakini anayecheza michezo 500, ambayo vijana wengi huimaliza katika likizo moja, ana kila sababu ya kutarajia kukutana na mkosi huo angalau mara moja. Msomaji wako aliandika kwamba alipoteza michezo 9 mfululizo katika usiku mmoja. Namwamini. Ningependa tu kujua alianza saa ngapi, alikuwa anacheza michezo ya dakika tatu au ya robo saa, na kati ya huo wa tatu na wa nne alinyanyuka hata kunywa maji. Michezo ya kulipiza kisasi, ile ya "huu mmoja tu nilale," huchezwa na mtu ambaye ameshaacha kufikiri, na wa nne hupotezwa na hasira za wa tatu.

Nakiri kwamba sataranji ni mchezo mkatili kwa nafsi ya mtu. Katika soka kuna refa wa kulaumiwa, na sisi mashabiki wa Simba na Yanga hatuishiwi maneno juu ya nani kabebwa na nani kaonewa. Katika karata kuna mkono mbaya. Kwenye ubao wa sataranji hakuna kete iliyofichwa wala kitu kilichochanganywa. Kila kilichokuumiza kilikuwa mbele ya macho yako, na mlikuwa na zamu sawa. Mtu anatafuta pa kuutua mzigo huo hapaoni, na ndipo kompyuta ya mpinzani, ambayo haionekani na haiwezi kujitetea, inapokuwa mahali pazuri sana pa kuutua.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa wanagenzi peke yao. Mwezi Mei 1997 jijini New York, Garry Kasparov, bingwa wa dunia, alicheza michezo sita dhidi ya kompyuta ya kampuni ya IBM iliyoitwa Deep Blue. Baada ya kupoteza mchezo wa pili aliingiwa na shaka kwamba kulikuwa na mkono wa binadamu uliosaidia mashine, kinyume cha shaka za vijana wetu, na mbele ya waandishi akalitaja goli la Maradona dhidi ya Uingereza la mwaka 1986, lile la mkono wa Mungu. Kilichofuata ndicho kinachonifundisha. Wasaidizi wake waligundua kwamba pale alipokubali kushindwa palikuwa na njia ya kupigania sare, na yeye hakuitafuta. Bingwa aliyekuwa na mazoea ya kuchimba kila mraba aliacha kuchimba, akiamini kwamba aliye mbele yake ameona yote. Alipoteza pambano zima kwa alama 3.5 dhidi ya 2.5, mchezo wa sita ukiisha kwa hatua 19 tu. Shaka ilimgharimu zaidi kuliko mashine ilivyomgharimu, ingawa hilo ni tafsiri yangu.

Vijana wetu hawayajui hayo ya 1997, lakini kisa cha Magnus Carlsen na Hans Niemann wanakijua kwa ncha ya ulimi. Mwezi Septemba 2022, kule St. Louis, Marekani, Carlsen, akiwa bingwa wa dunia, alishindwa na Niemann aliyekuwa na umri wa miaka 19, na kesho yake akajitoa mashindanoni. Niemann alikiri kwamba aliwahi kudanganya mtandaoni alipokuwa na miaka 12 na tena akiwa na miaka 16. Kwamba alidanganya katika mchezo ule wa ana kwa ana, hadi leo haijathibitishwa. Niemann akafungua kesi ya dola milioni 100, ikatupwa, wahusika wakapatana mwaka 2023, na FIDE ikamtoza Carlsen faini ya euro 10,000 kwa kujitoa bila sababu ya kutosha. Vijana walichobakiza katika haya yote ni kimoja: kwamba hata bingwa akishindwa hushuku. Hawakubakiza kwamba bingwa huyo alikuwa na miaka mingi ya kazi nyuma yake, wala kwamba hata yeye, pamoja na jina lake lote, alitozwa faini.

Na tuhuma hizi zina mwenye kuumia, jambo ambalo barua ya msomaji wako haikuligusa kabisa. Katika klabu yetu yumo msichana wa kidato cha pili ambaye aliondoka likizo akiwa wa mwisho, akarudi akiwashinda wavulana wanne kwa mpigo kwenye michezo waliyokuwa wakichezeana jioni kwa simu za nyumbani. Wavulana hawakuuliza amefanya nini likizo. Waliamua kwamba kaka yake anamtilia hatua kwenye kompyuta, na neno hilo likazagaa darasani. Alikosekana Ijumaa tatu. Nilipokwenda kuonana na mama yake nilionyeshwa daftari la mistari lililojaa mafumbo ya sataranji aliyoyatatua kwa penseli, kumi kila siku, mengine yamefutwa na kuandikwa upya hadi karatasi imetoboka. Alirudi klabuni, akacheza na watatu kati ya wale wanne ubaoni, mbele yangu. Aliwashinda wawili, wa tatu akamshinda yeye. Huyo wa tatu alifurahi sana, na haikumpitia akilini hata kidogo kuuliza kama siku hiyo msichana alikuwa na kompyuta au hakuwa nayo. Katika miaka yangu yote ya kulea klabu, hakuna aliyewahi kuniletea mchezo alioushinda akitaka uchunguzwe.

Tangu siku hiyo tumeweka utaratibu ambao naupendekeza kwa walezi wengine. Anayeshuku kwamba ameibiwa haruhusiwi kulitamka neno hilo kabla hajaleta karatasi ya mchezo ikiwa imezungushiwa duara mahali alipofanya kosa lake la kwanza. Akishaleta, na bado ana shaka, tunautazama mchezo pamoja: je, mpinzani alitumia sekunde zilezile kwa hatua nyepesi na kwa hatua nzito? Je, aliacha kula kete ya bure akacheza jambo la mbali lisiloeleweka, likaja kueleweka hatua nane baadaye? Dalili hizo zina uzito kiasi, ingawa hata zote zikikutana si ushahidi. Zikiwepo, tunaripoti kwa wenye mtandao kwa kitufe kilichowekwa kwa kazi hiyo, na maneno yanaishia hapo. Jina la mtu halitajwi uani wala kwenye makundi ya simu. FIDE yenyewe, katika kanuni zake za kupambana na udanganyifu, imeweka nafasi ya kumwadhibu anayetoa tuhuma zisizo na msingi wowote. Tangu tuanze, karatasi nyingi zimeletwa na duara zake. Waliobaki na shaka baada ya kuzungusha ni wachache mno, na ripoti tulizotuma nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

La ajabu ni kwamba ile injini inayolaaniwa, yaani programu kama Stockfish, ndiyo mwalimu wa bure aliye karibu kuliko wote. Mtandao wa Lichess, kwa mfano, hautozi chochote, na ukiisha mchezo utakuonyesha, ukitaka, kila hatua uliyokosea na uliyopaswa kucheza. Kwa kijana wa Tanga, Kigoma au Lamu ambaye hana kocha wala kitabu, hiyo ni neema ambayo mabingwa wa zamani hawakuwa nayo. Lakini ni lazima aukubali kwanza mchezo kuwa ulikuwa wake. Anayeamini ameibiwa hafungui uchambuzi. Atajifunza nini kutoka kwa wizi?

Nina ombi moja kwako, Mhariri. Kurasa zako za michezo zina nafasi ya chemshabongo na ya utabiri wa mechi. Tutengee pembe moja kwa juma ya fumbo la sataranji, jibu litoke juma linalofuata. Nakuletea la kwanza. Weupe wana mfalme g1, malkia d4, ngome d1, na vitunda f2, g2 na h2. Weusi wana mfalme g8, malkia b2, ngome a8 na d8, na vitunda f7, g7 na h7. Ni zamu ya weupe, na mfalme mweusi anafungwa kwa hatua mbili. Wasomaji wajihadhari tu na malkia mweusi pale b2, ambaye anaonekana wa bure; atakayemla atafungwa yeye hatua ileile inayofuata, na nisingependa aniandikie kwamba nimemwibia.

Wako msomaji,
Mwalimu mlezi wa klabu ya sataranji,
Tanga.